Mafuriko ya Bondeni Huanzia Juu

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali huko Kikwajuni, Unguja.)



Nimeombwa niseme machache juu ya mafuriko na namna ya kuwapunguzia wananchi madhara yake. Sikuja na picha wala ramani. Nimekuja na majina mawili ambayo kila mmoja aliyemo humu anayajua, kwani ni ya mtaa wetu huu huu: Kikwajuni Juu na Kikwajuni Bondeni.

Waliotoa majina hayo hawakuwa wapimaji wa ardhi. Walikuwa watu wa kawaida waliotazama maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, wakapaita mahali kwa jinsi palivyo. Mvua ikinyesha usiku, mtu wa mahali pa juu hujifunika shuka akalala vizuri zaidi. Mtu wa bondeni huamka, akawasha taa na kuanza kupandisha vitu juu ya kitanda. Mvua ni moja, mtaa ni mmoja, lakini usiku wao ni mbalimbali.

Neno langu la leo ni hili: mafuriko ya bondeni huanzia juu. Hutengenezwa na mapaa, na sakafu, na taka, na mihuri ya watu ambao aghalabu maji yenyewe hayawafiki. Basi na dawa yake haiwezi kutoka bondeni peke yake.

Mto usio na jina

Huenda mtu akauliza: mafuriko ya mito yanatuhusu nini sisi watu wa Unguja? Bara wana Rufiji, wana Ruvu, wana Wami na Kilombero. Sisi mito yetu ni michache na mifupi. Tunao Mwera, tunao Zingwezingwe, na vijito vinginevyo ambavyo baadhi yake, vikifika kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, huzama chini na kupotea machoni. Mgeni aweza kukaa Mjini mwaka mzima asiuone mto hata mmoja.

Lakini mwenyeji anaujua. Mto wa Mjini ni wa msimu. Haumo katika ramani, na kwa miezi mingi ya mwaka watu hupita juu yake, hucheza mpira juu yake, na hupimiana viwanja juu yake. Ifikapo masika, kati ya Machi na Mei, unarejea. Unateremka vichochoroni, unakutana na mwenzake kwenye njia panda, na yote miwili hutafuta mahali pa chini kabisa palipo karibu. Katika masika ya 2005 uliwatoa watu wengi majumbani mwao. Mei 2017 ulirejea tena kwa nguvu. Na ni nani katika sisi aliyekaa Unguja miaka mingi asiyekumbuka bwawa la Mwanakwerekwe lilivyokuwa likifunika barabara katika masika makubwa, watu wakazunguka mbali kutafuta pa kupita?

Wazee wetu walikuwa na ramani ya maji vinywani mwao. Tazameni majina: Darajani, Darajabovu, Mtoni, Ziwani, Kisima Majongoo, Kikwajuni Bondeni. Hakuna mtu anayejenga daraja mahali pakavu. Pale Darajani palikuwa na daraja kwa sababu palikuwa na maji: hori ya bahari iliyoingia kutoka upande wa Funguni na kupita nyuma ya Mji Mkongwe kuelekea Mnazi Mmoja. Wakati wa bamvua hori ilijaa, na Mji Mkongwe ukawa karibu na kuwa kisiwa. Upande wa pili wa maji hayo ndio uliopewa jina la Ng'ambo, na huko ndiko iliko Kikwajuni yetu. Hori ile ilifukiwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, na kazi ikamalizika katika miaka ya 1950. Leo watoto wetu husema Ng'ambo na Darajani bila kujua ni ng'ambo ya nini, wala daraja la kuvukia wapi.

Sisemi kwamba hori irudishwe. Mji haurudi nyuma. Nasema tu kwamba shimo la maji linapofukiwa, maji yaliyokuwa yakikaa humo hayafi. Hutafuta makao mengine, na makao hayo huwa ni nyumba ya mtu. Na mashimo ya maji yamefukiwa mengi tangu hapo, safari hii na sisi wenyewe. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 476,111 katika Zanzibar nzima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na kati yao 893,169 walikuwa katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Maana yake ni kwamba mkoa mmoja sasa una watu wanaokaribia kuwa mara mbili ya watu wa Unguja na Pemba kwa pamoja wa wakati ule. Watu hao hawakuweza kukaa hewani. Walijenga palipopatikana, na palipopatikana kwa urahisi ni pale ambapo wazee waliogopa kujenga.

Hesabu ya paa moja

Walimu wa hesabu wataniwia radhi na kunisahihisha nikikosea. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya eneo la mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Chukueni nyumba yenye paa la mita 10 kwa mita 10. Hilo ni eneo la mita 100 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa asubuhi moja, jambo ambalo si la ajabu katika masika ya Unguja, paa hilo moja litamwaga lita 5,000. Hayo ni madumu 250 ya lita 20. Sasa chukueni mtaa wenye nyumba 400 za kadiri hiyo. Zitamwaga lita 2,000,000. Maji hayo yakikusanywa katika kiwanja cha mpira, yatakifunika kiwanja chote kwa kina cha zaidi ya robo mita.

Na hapo tumehesabu mapaa tu. Zamani nyumba ilikuwa na uwanja wa mchanga, na mchanga ulikuwa na mwembe au mkungu. Maji yaliyotoka kwenye paa la makuti yalidondoka taratibu, yakaingia ardhini, yakaenda kukutana na maji ya visima. Leo paa ni la bati, uwanja umesakafiwa, njia imetandazwa vitofali, na ukuta umezungushwa. Kila mwenye nyumba amejitengenezea usafi wake, jambo ambalo si baya. Lakini kila mmoja pia ametoboa tundu chini ya ukuta wake na kuyaelekeza maji yake nje, kwa jirani. Jirani naye kwa jirani. Wa mwisho hana jirani wa kumpelekea, na huyo wa mwisho ndiye tunayemwita mhanga wa mafuriko.

Tena ardhi hii inayofunikwa ndiyo inayotunywesha. Maji tunayotumia Unguja hutoka zaidi chini ya ardhi, katika visima na chemchemi, na hapana maji chini ya ardhi yasiyotokana na mvua iliyopenya kutoka juu. Kwa hiyo tone linalozuiwa kuingia ardhini hutudhuru mara mbili: wakati wa masika hutuzamisha, na wakati wa kiangazi hutukosesha ndoo ya maji.

Kisha iko bahari, ambayo wavuvi wanaijua kuliko sisi watu wa makaratasi. Mitaro ya mji huishia baharini. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Mvua kubwa ikiangukia saa ya maji kujaa, mtaro ulio chini hauna mahali pa kumwaga. Bahari imesimama mlangoni. Maji hungoja. Na yanapongoja, hungojea ndani ya vyumba vya watu.

Wala tusitegemee kwamba mvua zitapungua ukali. Wataalamu wa hali ya hewa wanatufundisha kwamba joto la hewa likipanda kwa digrii 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Dunia imekwisha kupata joto kuliko ilivyokuwa kwa babu zetu. Mvuke uliobebwa sharti uteremke, na mara nyingi huteremka kwa pamoja. Vuli za 1997, 2019 na 2023 ziliionyesha Afrika Mashariki nzima jinsi msimu tunaouita mdogo unavyoweza kuwa mkubwa.

Kinachobaki maji yakiondoka

Mtu ambaye hajafikwa hudhani kwamba mafuriko ni maji, na kwamba maji yakikauka mambo yamekwisha. La, hasha. Maji ya mafuriko hayaingii nyumbani yakiwa safi. Yamepita jaani, yamepita chooni, yamefumua karo na mashimo yaliyojaa. Yakiondoka huacha tope lenye kila alichokitupa kila mtu.

Zanzibar inaijua kipindupindu tangu karne ya 19. Daktari Mskochi James Christie, aliyekuwa akifanya kazi katika mji huu lilipoingia pigo la 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kilichochapishwa mwaka 1876. Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika mripuko ulioanza 2015 na kuendelea hadi 2016, zaidi ya watu 4,000 waliugua Unguja na Pemba, na zaidi ya 60 wakafariki. Serikali ikatunga mpango wa miaka kumi, kuanzia 2018 hadi 2027, wa kuitokomeza kipindupindu visiwani. Ni mpango mwema. Lakini daktari hawezi kuushinda mtaro. Maadamu maji ya mvua na maji ya choo yanakutana uwanjani mwa mtu, zahanati itakuwa inafuta sakafu huku bomba limefunguliwa.

Na yako madhara yasiyoandikwa katika takwimu. Ninyi walimu mnayajua. Mnamwona mtoto aliyekuja skuli siku ya tatu baada ya mvua, sare haijakauka, madaftari yamevimba na wino umetawanyika. Mwalimu akimuuliza kazi aliyopewa iko wapi, mtoto hunyamaza. Haoni njia ya kusema mbele ya wenziwe kwamba kazi yake imechukuliwa na maji.

Muhuri wangu

Ndugu zangu, si vizuri mtu kusimama hapa akawalaumu wengine naye akajitoa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani katika ofisi moja ambayo sitaitaja, kwani kosa ninalolisimulia lilikuwa langu. Lililetwa faili la mtu aliyetaka kujenga nyumba. Mchoro ulikuwa safi na ada imelipwa. Palikuwa na nafasi katika karatasi ya kuandika kwamba mahali pameonwa. Ulikuwa mwezi wa Januari, jua kali, na nilipouliza nikaambiwa kwamba ni mahali pakavu kabisa. Niliandika kwamba pameonwa, nikapeleka faili mbele, na muhuri ukapigwa. Sikupokea rushwa wala sikutumwa na mkubwa. Nilikuwa na mafaili mengi, na kwenda kule kulihitaji mwendo.

Baada ya miaka kadhaa nilikwenda maziko upande ule ule, wakati wa masika. Nikaiona nyumba. Maji yalikuwa yamefika usawa wa dirisha. Mwanamke mmoja alikuwa akitoka, amejitwisha beseni kichwani, na ndani ya beseni hamkuwa na vyombo wala nguo. Mlikuwa na vitabu vya skuli vya wanawe. Alitusalimu vizuri sana, akatupa pole ya msiba wetu. Hakujua kwamba katika wale waliokuwa wakipita na jeneza yumo mtu aliyeandika kwamba mahali pale pameonwa.

Tangu siku hiyo sijapata kuliona neno "pameonwa" katika karatasi nikalipita hivi hivi. Nimelileta kwenu kwa sababu wengi wenu mna kalamu kama ile niliyokuwa nayo. Maji hayasomi kibali. Mtu wa kukisoma kwa niaba ya maji ni mtumishi aliyeketi mezani, na asipokisoma yeye wakati wa jua, kitasomwa na mvua.

Funzo la wenzetu

Wenzetu wa Bara wamelipa karo kubwa kwa funzo hili, nasi tunaweza kulipata bure. Katika bonde la Msimbazi, katikati ya jiji la Dar es Salaam, watu walijenga mpaka ukingoni mwa mto. Desemba 2011 mvua ikanyesha, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Serikali iliwapa wengi wa waathirika viwanja Mabwepande. Hata hivyo bonde halikukaa tupu, na si wanyonge peke yao waliolikalia. Hata kituo cha mabasi yaendayo haraka kilijengwa pale Jangwani, kikawa kinaingiwa na maji mara kwa mara. Mwaka 2022 ulipitishwa mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo kwa fedha za Benki ya Dunia, na wakazi wake wakalipwa fidia ili wapishe. Fedha ambayo haikutumika kuzuia ilitumika kuondoa, tena baada ya mazishi.

Rufiji inatufundisha upande wa pili. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya nyanda za juu. Walitoka majini, lakini mashamba yao ya mpunga yalibaki kule kule, kwa sababu mafuriko ndiyo yaliyokuwa yakirutubisha ardhi ile. Basi watu wakawa wanashuka na kupanda, na wengine wakarudi kwenye dungu zao kulinda mazao. Anayemhamisha mtu bila ya kuhamisha riziki yake amehamisha mwili tu.

Nao Waholanzi, ambao dunia nzima huwasifu kwa kuta zao za kuzuia maji, walifikiwa na siku ya kujiuliza. Mito yao ilijaa sana mwaka 1993, na tena mwaka 1995, hata watu wapatao 250,000 wakaondolewa majumbani kwa hofu ya kingo kuvunjika. Wangeweza kupandisha kuta juu zaidi. Badala yake, kuanzia 2007, walianza kazi katika mahali zaidi ya 30 ya kuupa mto nafasi: kusogeza kingo nyuma, kuchimba mikondo ya pembeni, na kuacha mashamba mengine yafurike inapobidi ili miji isifurike. Ikiwa taifa tajiri lenye ujuzi wa karne nyingi limeona kwamba maji hayashindwi kwa ukuta peke yake, sisi tuna sababu gani ya kudhani kwamba tutayashinda kwa kifusi?

Kazi iliyo mbele yetu

Hapana budi kusema kweli kwamba kazi imefanyika hapa kwetu. Mradi wa Huduma za Mjini Zanzibar, ulioanza mwaka 2011 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua katika mitaa iliyokuwa ikizama. Lakini mtaro ni kama koo: hata uwe mpana namna gani, ukizibwa hauna faida. Saruji ni kazi ya mkandarasi na inakwisha siku ya kukabidhi. Kuuweka mtaro wazi ni kazi yetu, na haikwishi. Nami naona mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa watu waliomo humu.

Kwanza, mabwawa na mabonde yaliyosalia yabaki mabwawa na mabonde. Yapimwe, yaandikwe, yawekewe mipaka inayoonekana, na yatajwe kwa majina yake katika kila ofisi inayogawa ardhi. Eneo lisiloandikwa huitwa kiwanja cha wazi, na kiwanja cha wazi Mjini hakina umri mrefu. Tulitumie kwa mpira, kwa bustani, kwa malisho, kwa lolote linaloweza kuloa likakauka. Na mtumishi anayeulizwa habari za mahali aende akapaone, tena wakati wa masika.

Pili, mtu wa juu abaki na sehemu ya maji yake. Nyumba yenye michirizi na tangi la kukinga maji ya mvua hupunguza mzigo wa mtaro na hupata maji ya kufulia na kumwagilia. Uwanja usisakafiwe wote. Iachwe sehemu ya mchanga na mti. Ninyi wenye majengo ya umma muanze: mapaa ya skuli zetu ni makubwa kuliko ya nyumba yoyote mtaani, na maji yake yangeweza kusafisha vyoo vya wanafunzi kwa wiki nzima badala ya kumtembelea jirani.

Tatu, taka. Sitasema mengi kwa sababu kila mmoja anajua. Mfuko mmoja wa taka unaotupwa mtaroni Februari ndio mlango unaofungwa Aprili. Mitaro ifunguliwe na kusafishwa kabla ya masika, na tope linalotolewa lichukuliwe siku hiyo hiyo. Tumezoea kulirundika ukingoni, mvua ya kwanza ikalirudisha lilikotoka, nasi tukasema tumesafisha.

Nne, habari. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua kubwa siku kadhaa kabla. Tahadhari hiyo hufika katika simu na redio, kisha huishia hapo. Inatakiwa ifike kwa bibi anayeishi peke yake, kwa mgonjwa asiyeweza kunyanyuka, na kwa mama mwenye watoto wachanga. Sheha, mwalimu na majirani wajue tangu kiangazi nani yuko wapi, nani atamchukua nani, na jengo gani lililo juu litafunguliwa usiku na ufunguo wake anao nani. Nimetaja ufunguo kwa makusudi. Watu wameona milango mingi iliyofungwa wakati wa shida kwa sababu mwenye ufunguo hakujulikana.

Kwa walimu nina ombi la ziada. Wapelekeni wanafunzi nje na kuwafundisha mtaa wao kwa kutumia maji. Wapimeni paa la skuli na kulipigia hesabu niliyoipiga leo. Wawaulize wazee maji ya mwaka 2005 yalifika wapi, watie alama ukutani. Wawaulize maana ya Ziwani na Darajabovu. Mtoto anayejua kwa nini mahali paliitwa Bondeni hatakuja kukubali, atakapokuwa mkubwa mwenye muhuri, kwamba pale ni pakavu.

Najua kuna swali linalongoja. Mtaniuliza: wale waliokwisha kujenga bondeni tuwafanye nini? Walijenga kwa jasho lao, wengine kwa kiinua mgongo cha maisha yote, na wengi walionyeshwa mahali hapo na watu waliowaamini. Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa tingatinga. Mahali ambapo mtaro, bwawa la kupokea maji au msingi ulioinuliwa unaweza kumwokoa mtu, aokolewe hapo alipo. Mahali ambapo hapana njia ila kuhama, ahame kwa fidia iliyo sawa, aende mahali penye skuli, zahanati na usafiri wa kumfikisha kazini, na aambiwe mapema, si usiku wa mvua. Na bonde analoliacha lilindwe siku hiyo hiyo. Tukimwondoa maskini mmoja na kumwachia nafasi mwenye nguvu aje kufukia, tutakuwa tumewadhulumu watu wawili: aliyetoka, na jirani wa chini atakayeyapokea maji ya kifusi kipya.

Ndugu zangu, watu wa visiwa hivi tunajivunia ujirani. Chakula kikipikwa nyumba moja, sahani huvuka njia. Mtu akifiwa hazikwi na jamaa zake peke yao. Nashangaa basi kwamba katika jambo hili la maji tumekuwa wageni kwa wenzetu. Tunampelekea jirani sahani kwa mlango wa mbele, na kwa tundu lililo chini ya ukuta tunampelekea maji ya mvua, maji machafu na taka.

Masika yajayo yatakuja kwa wakati wake, wala hayatatuuliza kama tumejiandaa. Kikwajuni Juu itabaki juu na Kikwajuni Bondeni itabaki bondeni. Hayo hayabadilishwi na kikao. Linaloweza kubadilika ni kwamba mvua ikianza kugonga mabati usiku, mtu wa juu naye aamke kidogo, ajiulize: maji yangu yamekwenda kwa nani?